Kitafunio cha povu na chokoleti tukiite tarbushi, si "busu la Mnegro"

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie mapishi yaliyotoka katika toleo lenu la Jumapili, ambamo mwandishi wa safu ya jikoni aliwafundisha wasomaji kutengeneza kile kitafunio cha Ulaya chenye biskuti chini, povu jeupe katikati na ganda jembamba la chokoleti juu yake. Nilifurahi kukiona katika gazeti la Kiswahili, kwa sababu nimekuwa nikikitengeneza kwa mikono yangu kwa miaka 14 hapa Hamburg, katika duka la mikate na keki ninakofanyia kazi, na kila nikirudi Tanga likizo ndugu zangu hunitaka niwaonyeshe kinavyopikwa. Furaha hiyo iliingia doa niliposoma jina lililowekwa juu ya mapishi, "busu la Mnegro", pamoja na maelezo kwamba ndivyo Wajerumani wanavyokiita na kwamba asili yake ni Marekani. Yote mawili si sahihi, na la kwanza linauma.

Nianze na la asili, maana ni jepesi. Wadenmark wamekuwa wakikitengeneza kitafunio hiki tangu karne ya 19, nao hukiita flødebolle, maana yake kidonge cha krimu, ingawa siku hizi hakuna hata tone la krimu ndani yake: ni ute mweupe wa mayai uliopigwa pamoja na shira ya moto hadi ukawa povu zito linalosimama lenyewe. Wamarekani nao wana vyao, na nitavifikia, lakini kusema kwamba Wadenmark na Wajerumani wamekipata kutoka Marekani ni sawa na kusema kwamba vitumbua vimeletwa pwani na wageni wa hotelini.

La jina ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni kweli kwamba Wajerumani wa zamani walikuwa na majina mawili ya kitafunio hiki, Negerkuss, ambalo ndilo mwandishi wenu amelitafsiri neno kwa neno, na Mohrenkopf, yaani kichwa cha mtu mweusi, kwa neno la kale ambalo Wazungu walilitumia kumwita Mwafrika. Lakini leo ukiingia katika duka lolote kubwa la hapa, ukalichukua boksi lake na kulisoma, utakuta limeandikwa Schokokuss, busu la chokoleti, au Schaumkuss, busu la povu. Viwanda vya Ujerumani viliyaacha majina ya zamani miaka mingi iliyopita, na mtoto wa shule wa leo anakijua kitafunio hiki kwa jina la chokoleti tu. Kwa hiyo mwandishi wenu, bila shaka kwa nia njema na kwa kutumia kitabu kilichochakaa, ameliokota jina ambalo wenyewe wamelitupa, akalivika Kiswahili na kutuletea sisi, watu wale wale waliokuwa wakitajwa nalo.

Naomba nieleze kwa nini naliona jambo hili kwa uzito. Kazi yangu ya kwanza nchini humu ilikuwa katika duka jingine, dogo zaidi, katika mji mwingine, ambalo sina haja ya kulitaja. Mwenye duka aligundua mapema kwamba nina mwandiko mzuri, kwa kuwa nyumbani nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, akanipa jukumu la kuandika vibao vya majina na bei vinavyosimamishwa mbele ya kila sinia ndani ya kabati la kioo. Kila siku alfajiri, saa kumi na moja, kabla mlango haujafunguliwa, nilishika kalamu ya wino mweupe nikaandika kwenye vibao vidogo vyeusi: mkate wa mbegu za alizeti, keki ya jibini, keki ya tufaha, na mwisho, kwa zile zile herufi za mviringo nilizokuwa nikiwafundisha watoto wa watu, neno lile la Negerkuss na bei yake. Niliandika hivyo kwa karibu mwaka mzima. Nilipomwomba mwenye duka tubadilishe, alinijibu kwa upole kabisa kwamba hicho ni kitu cha kula tu, kwamba hakuna mtu anayemfikiria mtu yeyote anapokinunua, na kwamba wateja wazee hawatakijua kwa jina jingine.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba niliandika Schokokuss bila kumuuliza mtu. Nilikisimamisha kibao mahali pake, nikarudi nyuma kwenye tanuri, na moyo wangu ulikuwa ukidunda kama wa mwizi. Sinia ile ilikuwa na vipande 40. Kufika saa sita mchana vilikuwa vimebaki viwili, na hakuna mteja hata mmoja, mzee wala kijana, aliyeuliza vimekwenda wapi vile vya jana. Mwenye duka alikitazama kibao, akanitazama mimi, akaenda zake kunawa mikono. Kibao kile hakikubadilishwa tena.

Mahali ninapofanya kazi sasa jina hilo halipo, ila mara moja moja bado linatoka kinywani mwa mteja mwenye umri mkubwa. Majira ya baridi yaliyopita bibi mmoja alisimama mbele yangu na mjukuu wake, akaomba vipande sita kwa jina la zamani, kisha macho yake yakaniangukia usoni na shavu likamwiva. Nilimpangia vipande sita katika boksi, nikamtajia bei na jina la sasa kwa sauti ya kawaida, naye akalirudia, akaomba radhi akisema ulimi umezoea. Nilimwamini, maana ulimi hauna mfupa. Lakini yule bibi alikuwa akiacha mazoea ya miaka 70, na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna mazoea yoyote ya kuacha: kitafunio hiki kwetu hakina jina bado, na gazeti lako ndilo linaloelekea kukipa. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Wajerumani hawakuwa peke yao katika hili. Wafini walikuwa na jina lenye maana ile ile, na kampuni ya Brunberg ya mji wa Porvoo, ambayo ndiyo yenye kukitengeneza kwa umaarufu kule, ililiacha neno la kwanza mwaka 2001, kikabaki kuitwa mabusu ya Brunberg. Waholanzi walifanya vivyo hivyo mwaka 2006, wakabaki na neno moja tu, Zoenen, yaani mabusu. Wafaransa walikuwa wakikiita kichwa cha Mnegro, nao sasa wengi wanasema kichwa cha chokoleti. Uswisi ndiko ambako mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa kiwanda cha Dubler cha jimbo la Aargau kilikataa kuliacha jina la Mohrenkopf, na mwezi wa Juni mwaka 2020 maduka ya Migros yakaviondoa vitafunio hivyo kwenye rafu zake. Mabishano yalikuwa makali magazetini na barabarani, wako waliovinunua kwa wingi makusudi ili kulitetea jina, na ukiwasikiliza ungedhani kwamba jina likiondoka, sukari nayo itaondoka.

Ila mfano unaotuhusu zaidi sisi watu wa pwani hautoki Ulaya. Binamu yangu ameolewa Muscat, katika nyumba ambayo Kiswahili ndicho lugha ya mezani, kama zilivyo nyumba nyingi za Waomani waliotoka Zanzibar. Siku moja jirani yao Mlebanoni aliwaletea watoto boksi la vitafunio hivi na kuviita kwa jina walilomzoesha utotoni kwao Beirut: ras al-abd. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Rasi tunaijua, na abdi tunamjua. Ni kichwa cha mtumwa. Binamu yangu aliniambia kwamba alikishika mkononi kipande alichopewa, cheusi, cha mviringo, akakosa pa kukiweka, kwa sababu hakutaka kumvunjia heshima jirani aliyekuja na zawadi, na hakuweza pia kukitia mdomoni. Sisi tunatoka katika kisiwa na mwambao ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na wako wazee wetu waliosimuliwa habari zake na watu walioliona kwa macho. Kwa familia za namna hiyo jina kama hilo si mchezo wa maneno.

Na hapa ndipo ninapotaka mwandishi wenu anisikilize vizuri, kwa sababu Walebanoni hao hao ndio waliotupatia dawa. Kampuni ya Gandour, ambayo biskuti na chokoleti zake zinajulikana katika nchi nyingi za Kiarabu, ililiacha jina la ras al-abd na kukiita kitafunio chake Tarboush. Kitazame umbo lake: chini pana, juu pembamba, kimeviringika na kusimama wima, chokoleti iking'aa pande zote. Ni kofia. Ni ile tarbushi yenyewe, ambayo sisi hatuhitaji kuikopa leo kwa kuwa tuliikopa zamani na tumeivaa kwa vizazi. Babu yangu mzaa mama alikuwa nayo moja nyekundu yenye shada jeusi, akiihifadhi ndani ya kopo la biskuti ili isibonyee, akiivaa sikukuu mbili za Idi na siku za arusi, na sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa kwa mikono yenye mafuta.

Najua yuko atakayesema kwamba tarbushi nayo ina historia yake, kwamba askari wa Wajerumani katika nchi yetu, na baada yao askari wa Waingereza, walivalishwa kofia za namna hiyo. Ni kweli, na sitaki kuificha. Lakini kofia ya askari aliitoa mkoloni na ikaondoka naye, wakati tarbushi ya babu yangu aliinunua mwenyewe kwa fedha yake, akaivaa kwa hiari yake, na alipoivaa alionekana mtu mwenye heshima zake. Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya jina linalomkumbusha mtoto kofia ya babu yake siku ya Idi na jina linalomkumbusha mnada wa watu, sioni kinachonifanya nisite.

Tena jina hili linafuata tabia ya lugha yetu. Sisi chakula tunakiita kwa kazi ya mkono wa mpishi au kwa sura yake kinapofika mezani. Mkate wa kumimina umeitwa hivyo kwa sababu unamiminwa, mkate wa sinia kwa sababu umeokwa ndani ya sinia, na mkate wa ufuta kwa kile ulichonyunyiziwa. Tulipokopa, tulikopa neno na kitu chake, kama sambusa, biriani na katlesi, bila kumbandika mtu yeyote juu yake. Sikumbuki kitafunio hata kimoja cha mwambao ambacho bibi zetu walikiita kwa ngozi ya mtu. Busu pia silitaki, hata likiondolewa lile neno la pili, kwa sababu ni tafsiri iliyosimama peke yake: hakuna mtoto wa Pangani au wa Lamu atakayemwambia mama yake dukani kwamba anataka busu mbili.

Mwandishi wenu aliandika pia kana kwamba kitafunio hiki ni kimoja duniani kote, jambo ambalo litawachanganya watu watakaokiona ng'ambo au kuletewa na jamaa zao. Kwa hakika kila nchi ina mkono wake. Cha Ujerumani kinakaa juu ya kaki nyembamba kama ile ya koni ya aiskrimu, na ni chepesi kiasi kwamba ukikishika hujui kama kina kitu ndani. Watoto wa hapa hukiweka katikati ya mkate mdogo wa mviringo, kama boflo lililopasuliwa, wakakikandamiza mpaka ganda likapasuka na povu likatoka pembeni. Katika sherehe za shule huwekwa mashine ya mbao ambayo mtoto akilenga shabaha kwa mpira na kuipata, inamrushia kitafunio naye anakidaka hewani. Binti yangu alidaka kimoja kwa paji la uso akiwa na miaka saba, na picha yake iko ukutani kwetu hadi leo. Denmark wanakipandisha cheo zaidi: waokaji wazuri huondoa kaki na kuweka kitako cha lozi zilizosagwa na sukari, wakanyunyiza nazi kavu juu ya chokoleti kabla haijaganda, na mtoto wa shule siku yake ya kuzaliwa huwapelekea wenzake darasani.

Austria hukiita Schwedenbombe, bomu la Kiswidi, na kampuni ya Niemetz imekuwa ikikitengeneza tangu mwaka 1926, nusu vikiwa vya chokoleti tupu na nusu vikiwa na chembe za nazi. Naomba msomaji azingatie jambo hili: Waaustria wanazungumza Kijerumani, ni majirani wa mlango kwa mlango na Wajerumani, na kwa karibu miaka mia moja wamekila kitafunio hiki kwa jina jingine kabisa. Hoja ya kwamba jina la zamani haliachiki kwa sababu ndilo jina la kitu chenyewe inaishia hapo.

Uskoti wana cha kwao, kilichobuniwa mwaka 1956 na Boyd Tunnock katika kiwanda cha ukoo wake mjini Uddingston. Hiki kina kitako cha biskuti nene, kimefura kama nusu ya mpira, na kimefungwa kwa karatasi ya jaribosi yenye mistari myekundu, au ya buluu kikiwa cha chokoleti nyeusi. Wanakiita teacake, na wanakipenda mno hivi kwamba katika ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow mwaka 2014 walicheza ngoma uwanjani wakiwa wamevaa mavazi makubwa ya umbo lake. Na kwa anayedhani kwamba jina la kitafunio ni jambo dogo lisilofaa kuchukua nafasi gazetini, namkumbusha kesi ya Marks & Spencer. Nchini Uingereza keki haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ila biskuti iliyopakwa chokoleti inatozwa. Wakusanya kodi walikihesabu kitafunio cha namna hii cha duka hilo kuwa biskuti tangu mwaka 1973, wakakiri mwaka 1994 kwamba kumbe ni keki, na mvutano wa kurudisha pauni milioni 3.5 ulifika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2008, kabla duka halijapata haki yake. Miaka yote hiyo walibishania neno moja.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo ni mengine. Montreal wana Whippet, iliyoanza kuuzwa mwaka 1927, yenye biskuti chini na chokoleti nyeusi. New York wana Mallomars, iliyoanza mwaka 1913, ambayo mpaka leo haiuzwi majira ya joto kwa sababu chokoleti yake ni laini na huyeyuka. Watu huilimbikiza kwenye majokofu yao kabla msimu haujafungwa. Waisraeli nao wana Krembo, ambayo huuzwa majira ya baridi tu kwa sababu hiyo hiyo. Kusini mwa Marekani kuna MoonPie ya Chattanooga, ya tangu mwaka 1917, ila hiyo ni biskuti mbili za duara zenye povu katikati, imelala bapa, nami singeiita tarbushi. Iitwe biskuti ya mashimelo, yaani ya zile peremende laini za povu (marshmallow), yatosha. Karibu na kwetu, Afrika Kusini wana Sweetie Pie ya Beacon, na hiyo ukiiona utakubali mara moja kwamba ni tarbushi.

Tofauti hizi si za sura tu, na hapa nina neno kwa wasomaji Waislamu, ambao najua ni wengi. Zile za Ujerumani na Denmark kwa kawaida povu lake ni la ute wa mayai, na halina jelatini, yaani kile kitu cha kugandishia. Aina nyingi za Marekani, pamoja na mashimelo yenyewe yanayouzwa kwenye pakiti, zina jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Mwandishi wenu aliwaambia wasomaji wanunue mashimelo ya pakiti, wayayeyushe kwa siagi na kuyamimina juu ya biskuti, bila kutaja neno lolote kuhusu jelatini. Ilifaa aseme wasome maandishi ya nyuma ya pakiti kwanza.

Hata ukiacha suala hilo, njia ile haitoi kitafunio kinachotakiwa. Mashimelo yaliyoyeyushwa yakipoa yanakuwa magumu na kunata kama ulimbo, na kesho yake hayaliki. Njia ya kweli haihitaji kitu ambacho hakipatikani Tanga. Chukua ute wa mayai manne, uhakikishe hauna hata chembe ya kiini wala bakuli halina mafuta, upige na matone machache ya ndimu hadi uanze kusimama. Wakati huo sukari gramu 250 na maji robo kikombe yawe yanachemka jikoni bila kukorogwa, hadi ifike nyuzi 118. Asiye na kipimajoto adondoshe tone katika maji baridi: likifanya kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole bila kuyeyuka, shira iko tayari. Imimine shira hiyo ya moto katika ute, mkondo mwembamba kama uzi, huku mashine ikiendelea kupiga, na usiache kupiga mpaka bakuli lipoe kwa nje. Povu litakuwa jeupe, linang'aa, na ukiinua mchapo litabaki na ncha isiyoanguka. Litie katika mfuko wa kupambia keki, ulibane juu ya biskuti kwa kupandisha mkono polepole, kisha viache vitafunio saa nzima bila kufunikwa ili povu lifanye ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayolizuia povu lisijikunje chokoleti inapomiminwa. Ukiiruka hatua hii kwa haraka, utapata tarbushi zilizoinama.

Kuhusu chokoleti, mapishi ya Ulaya husema iongezwe kijiko cha mafuta ya nazi ili ganda liwe jembamba na lenye kung'aa. Hapa Hamburg nafanya hivyo, lakini nikiwa Tanga siongezi, kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka mapema na ganda halitaganda kwenye joto letu. Wala nisingemshauri mtu ajaribu wakati wa masika, maana sukari hunyonya unyevu wa hewa na povu litatoa maji chini. Wakati mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, jioni upepo ukishatulia, na zikishaganda ziwekwe mahali penye baridi na kuliwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Mwaka juzi mwezi wa Julai tulitengeneza 36 nyumbani kwa dada yangu, tukanyunyiza nazi iliyokaangwa kama ya kashata juu ya nusu yake, na hizo za nazi ndizo zilizokwisha kwanza.

Nimesoma katika tangazo lenu kwamba mapishi ya safu ya jikoni yatakusanywa katika kijitabu kabla ya mwisho wa mwaka. Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa huo urekebishwe kabla haujachapwa: jina liwe tarbushi ya chokoleti, maelezo ya asili yake yasahihishwe, na tahadhari ya jelatini iongezwe. Nikihitajika niko tayari kumwandikia mwandishi wa safu hiyo vipimo vyote kwa vikombe na vijiko, kwa kuwa najua jiko la nyumbani halina mizani kama la kwetu.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwokaji wa keki, mzaliwa wa Tanga,
Hamburg, Ujerumani